Miguu ya kuku: sababu gani rangi inageuka tunapochanganya kienyeji na kuku ya kisasa

Kuku mama iko na miguu ya rangi ya majivu. Jogoo ya kisasa, iliyonunuliwa ili vifaranga viwe na nyama mingi, iko na miguu ya njano. Vifaranga vinakomaa, na kumbe miguu yao ni nyeupe: si ya mama, si ya baba. Mwenye kuku anaanza kushuku mtu aliyemuuzia jogoo, ao anashuku jirani.

Mambo ya namna hii yanajulikana katika mitaa ya Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira, na zaidi vijijini, kule ambako kuku zinatembea mchana kutwa na kuchanganyika na za wengine. Mara nyingine ugomvi unafika mpaka mbele ya chefu wa mtaa. Mtu anashika kifaranga, anainua miguu yake mbele ya wazee, anasema: « Muangalie hii miguu, haiwezi kutoka kwa kuku yake. »

Miguu ya kuku ni ushahidi, lakini ni ushahidi wenye masharti. Katika mambo machache inasema kweli kabisa. Katika mambo mengi haisemi kitu. Anayejua namna rangi inavyorithiwa anaweza kuepuka kumshitaki mtu bure, na anaweza pia kununua kuku bila kudanganywa sokoni.

Rangi mbili, ngozi mbili

Miguu ya kuku inaonekana na rangi nyingi: nyeupe, njano, majivu, bulu, kijani, nyeusi. Lakini ndani ya mwili kuna vitu viwili tu vinavyotengeneza rangi hizo zote.

Kitu cha kwanza ni rangi ya njano inayotoka katika chakula. Wataalamu wanaiita karotenoidi. Inapatikana katika mahindi ya njano, majani mabichi kama lengalenga, na nyasi. Kuku haiwezi kuitengeneza yenyewe, inapaswa kuila.

Kitu cha pili ni weusi, unaoitwa melanini. Ni ule ule unaotia weusi katika ngozi na nywele za binadamu. Huo mwili wa kuku unautengeneza wenyewe.

Tena, ngozi ya mguu iko na sehemu mbili: ngozi ya juu, yenye magamba, na ngozi ya ndani, chini yake. Njano inaonekana katika ngozi ya juu. Weusi unaweza kukaa juu, ndani, ao pande zote mbili. Jicho la mtu linaona sehemu hizo mbili kwa pamoja, sawa vile mtu anayeangalia ukuta kupitia kioo chenye rangi. Weusi wa ndani ukifunikwa na ngozi nyeupe, mguu unaonekana bulu ao majivu. Weusi ule ule ukifunikwa na ngozi ya njano, mguu unaonekana kijani. Kwa hiyo hakuna « rangi ya kijani » ndani ya kuku. Kuna njano juu na nyeusi chini.

Jeni ya nyeupe na njano

Kila kuku inapata urithi wake nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kipande kimoja cha urithi kinaitwa jeni, na kwa jeni nyingi kuku iko na nakala mbili, moja ya kila mzazi. Mtu wa kwanza aliyeeleza sheria hizo ni Gregor Mendel, mtawa aliyefanya kazi yake juu ya mbaazi na kuitangaza mwaka 1866. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alionyesha ya kwamba sheria za Mendel zinafanya kazi kwa wanyama pia, na mnyama aliyetumia ni kuku.

Jeni inayoamua kama ngozi itakuwa nyeupe ao njano iko na namna mbili. Ile ya nyeupe ndiyo yenye nguvu: nakala moja inatosha. Ile ya njano inajificha: kuku inapaswa kuipata kwa baba na kwa mama ndipo miguu iwe ya njano. Wataalamu wanaandika nyeupe kwa W kubwa, na njano kwa w ndogo.

Matokeo yake ni haya. Kuku yenye miguu ya njano haina siri: iko na w mbili. Lakini kuku yenye miguu nyeupe inaweza kuficha njano, ikiwa iko na W moja na w moja. Kuku mbili nyeupe zenye siri hiyo zikikutana, kwa kawaida kifaranga kimoja kati ya vinne kitakuwa cha njano. Kuku yenye siri ikikutana na ya njano, nusu ya vifaranga vitakuwa vya njano.

Namna jeni hii inavyofanya kazi inajulikana. Katika kuku yenye ngozi nyeupe, jeni inatengeneza kitu kinachokatakata ile njano ndani ya ngozi kabla haijajikusanya. Katika kuku ya njano, kazi hiyo imezimwa katika ngozi, na njano ya chakula inabaki. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, pamoja na wenzao walionyesha ya kwamba njano haikutoka kwa kuku ya mwitu nyekundu ya Asia, ambayo ndiyo babu mkubwa wa kuku zetu. Ilitoka kwa ndugu yake, kuku ya mwitu ya majivu inayoishi India. Kumbe hata kuku ya nyumbani, tangu zamani, ni mchanganyiko.

Kitu kimoja cha kukumbuka: jeni hii inagusa ngozi, haigusi kiini cha yai. Kuku ya miguu nyeupe ikila mahindi ya njano na majani, itataga mayai yenye kiini cha njano sana. Miguu haisemi kitu juu ya kiini.

Jeni ya weusi wa ndani: hapa baba na mama hawagawi sawa

Jeni ya pili inaamua kama weusi utaingia katika ngozi ya ndani. Iko na namna moja inayozuia weusi, nayo ni yenye nguvu, wanaiandika Id. Namna nyingine inaacha weusi uingie, nayo inajificha, wanaiandika id. Kuku ya mwitu nyekundu iko na id, ndiyo maana miguu yake ni ya majivu.

Sasa, hapa ndipo wafugaji wengi wanapotea. Jeni hii inakaa juu ya kromozomu ya kijinsia. Kwa binadamu, mwanaume ndiye mwenye kromozomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa ndege ni kinyume. Jogoo iko na mbili zinazofanana, Z na Z. Kuku jike iko na Z moja na W moja. (Hiyo W ya kromozomu haihusiani na W ya ngozi nyeupe, ni herufi tu zinazofanana.) Jeni ya weusi wa ndani inakaa kwenye Z.

Kwa hiyo jogoo iko na nakala mbili za jeni hii, lakini kuku jike iko na moja tu. Na hiyo moja, mama anaipa watoto wake wa kiume peke yao. Kwa matetea, mama anawapa W, ambayo haina jeni hii. Yaani tetea inapata jeni ya weusi wa ndani kwa baba yake tu. Mama hachangii kitu.

Jambo hili linaeleza mambo mengi ambayo watu wanayaita maajabu. Linaeleza sababu gani, katika vifaranga vya mama mmoja, majogoo yote yanaweza kuwa na miguu myeupe huku matetea yote yakiwa na miguu ya bulu.

Jeni mbili zikiungana

Kwa kuku isiyo na weusi mwingi juu ya magamba, hesabu ni hii:

– Weusi umezuiwa, na ngozi ni nyeupe: miguu ni nyeupe, ao nyeupe yenye wekundu kidogo wa damu.
– Weusi umezuiwa, na ngozi ni ya njano: miguu ni ya njano.
– Weusi umeingia ndani, na ngozi ni nyeupe: miguu ni bulu ao majivu.
– Weusi umeingia ndani, na ngozi ni ya njano: miguu ni kijani.

Kuku nyingi zinazojulikana ulimwenguni zinaingia katika mistari hiyo minne. Sussex ya Uingereza iko na miguu myeupe. Leghorn na Rhode Island Red ziko na miguu ya njano. Kuku ya Bresse ya Ufaransa, ambayo jina lake linalindwa na sheria ya mwaka 1957, inajulikana kwa miguu ya bulu. Poland iko na kuku yake ya kienyeji inayoitwa kwa jina la miguu yake ya kijani.

Kuna pia jeni nyingine zinazoingilia. Kuku zenye manyoya meusi kabisa mara nyingi ziko na weusi katika ngozi ya juu, juu ya magamba, hata kama weusi wa ndani umezuiwa. Jeni inayochora mistari myeupe na myeusi kwenye manyoya inapunguza weusi wa miguu. Na kuna kuku chache zenye jeni inayotia weusi mwili mzima, mpaka ngozi, nyama na mifupa, kama Silkie ya China na Ayam Cemani ya Indonesia.

Kwa kuku ya miguu myeusi, njia ya kujua siri yake ni kugeuza mguu na kuangalia chini ya unyayo. Unyayo ukiwa mweupe, ngozi ni ya nyeupe. Unyayo ukiwa wa njano, ngozi ni ya njano.

Mifano mitatu ya kuchanganya

Mfano wa kwanza. Jogoo ya Rhode Island Red, miguu ya njano, inapanda kuku ya kienyeji ya miguu ya majivu ambayo haifichi njano. Jogoo inawapa vifaranga vyote Id, basi weusi wa ndani unazuiwa kwa wote. Mama anawapa wote W, basi ngozi inakuwa nyeupe kwa wote. Matokeo: vifaranga vyote, jike na dume, miguu myeupe. Ni hesabu ya wazi, hakuna aliyedanganya. Mama akiwa anaficha njano, nusu ya vifaranga itakuwa na miguu ya njano na nusu myeupe.

Mfano wa pili ni kugeuza. Jogoo ya kienyeji ya miguu ya majivu inapanda kuku ya kisasa ya miguu ya njano. Hapa majogoo yanapata Id kwa mama, yanakuwa na miguu myeupe. Matetea hayapati kitu kwa mama. Yanapata id kwa baba, na miguu yao inakuwa bulu ao majivu. Wazazi ni wa aina zile zile kama mfano wa kwanza, lakini matokeo si yale yale. Kujua nani alikuwa baba na nani alikuwa mama ni lazima.

Mfano wa tatu. Mfugaji anakamata vifaranga vya mfano wa kwanza, vyote miguu myeupe, anavizalisha wenyewe kwa wenyewe. Kati ya 16, hesabu ya kawaida inatoa hivi: majogoo 8, ambapo 6 ni ya miguu myeupe na 2 ya njano; matetea 8, ambapo 3 ni ya miguu myeupe, 1 ya njano, 3 ya bulu na 1 ya kijani. Rangi nne zimetoka kwa wazazi wa rangi moja. Na ile kijani haikuonekana hata kwa babu wala kwa nyanya.

Hesabu hizo ni za wastani. Katika vifaranga 8 ao 10 vya mama mmoja, bahati inaweza kuongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, sawa vile familia inaweza kupata wasichana 5 bila mvulana.

Vitu vinavyoficha ao kubadilisha rangi

Urithi unaweka njia, lakini rangi inayoonekana inategemea pia maisha ya kuku.

Chakula. Kuku yenye jeni ya njano ikilishwa mtama, muhogo, mahindi meupe na mapumba ya mchele peke yake, miguu yake inapauka mpaka inafanana na nyeupe. Ikirudishwa kwenye majani na mahindi ya njano, rangi inarudi polepole.

Kutaga. Kuku inayotaga inatuma njano yake katika mayai. Kwa kuku ya miguu ya njano, rangi inapotea kwa utaratibu: kwanza kwenye tundu la kutagia, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, na mwisho miguu, baada ya kama miezi 4 hadi 6 ya kutaga. Ikiacha kutaga, rangi inarudi kwa utaratibu ule ule. Hii ni faida kwa mnunuzi. Kuku ya kisasa ya kutaga ambayo mdomo na miguu vimepauka imetaga sana. Yenye miguu ya njano kali, tena imekomaa, pengine haijaanza ao imeacha siku nyingi. Lakini kipimo hiki ni kwa kuku za njano tu. Kwa miguu myeupe ao ya bulu hakisemi kitu.

Ugonjwa. Minyoo na ugonjwa wa tumbo unaoitwa koksidiozi vinazuia tumbo kupokea njano ya chakula, na miguu inapauka hata kama chakula ni kizuri. Kundi zima la njano likianza kupauka mbele ya kutaga, ni vizuri kumuona mganga wa mifugo.

Umri. Weusi wa ndani unachelewa. Kifaranga cha siku moja kinaweza kuonekana na miguu myeupe ao ya njano, na bulu ao kijani inaonekana wazi baada ya wiki nyingi. Kwa upande mwingine, vifaranga vya manyoya meusi vinaweza kuzaliwa na magamba meusi, na weusi huo ukapungua vinapokomaa. Kuamua juu ya kifaranga kidogo ni kukisia.

Upele wa miguu. Magamba yakiinuka, yakawa mazito na kama yamepakwa majivu, hiyo si rangi ya urithi. Ni kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachochimba chini ya magamba na kupita kutoka kuku moja kwenda nyingine. Wafugaji wanaosha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha wanapaka mafuta ya kupikia ao vazelini mara kadhaa ili kidudu kikose hewa. Mafuta chakavu ya motere yanachoma ngozi, hayafai.

Mbele ya chefu: miguu inathibitisha nini?

Katika ugomvi wa kuku, mara nyingi mama anajulikana na baba hajulikani, maana jogoo ya jirani haiombi ruhusa. Tena kuku jike inaweza kuhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili na kuendelea kutoa mayai yenye kifaranga kwa wiki mbili, hata karibu tatu. Kwa hiyo vifaranga vya mama mmoja, vilivyototolewa siku moja, vinaweza kuwa na baba wawili ao watatu.

Ikiwa mama peke yake anajulikana, tofauti ya nyeupe na njano haithibitishi kitu. Mama wa njano anaweza kupata mtoto mweupe kwa sababu ya baba. Mama mweupe anaweza kupata mtoto wa njano ikiwa anaficha njano.

Matetea hayathibitishi kitu kuhusu weusi wa ndani, maana jeni hiyo wanaipata kwa baba tu.

Kuna jambo moja tu lenye nguvu kwa upande wa mama. Mama mwenye miguu myeupe ao ya njano, bila weusi wa ndani, anawapa watoto wote wa kiume Id. Basi jogoo iliyokomaa yenye miguu ya bulu ao kijani haiwezi kuwa mtoto wake. Hata hapo tahadhari inahitajika: mama wa manyoya ya mistari anaweza kuficha weusi wake, na weusi wa juu ya magamba usichanganywe na weusi wa ndani.

Ikiwa baba pia anajulikana kwa hakika, mambo mawili yanaongezeka. Wazazi wawili wa ngozi ya njano hawawezi kupata mtoto wa miguu myeupe ao bulu. Na wazazi wawili wenye weusi wa ndani hawawezi kupata mtoto asiye nao akiisha kukomaa. Lakini « kwa hakika » maana yake kuku zilifungiwa pamoja, mbali na majogoo mengine, kwa wiki tatu mbele ya kukusanya mayai. Katika lupangu isiyo na uzio, hakika hiyo haipo.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wanalijua mbele ya wataalamu: kuku inayolalia mayai si lazima iwe ndiyo iliyoyataga. Kuku mbili zinatagia kiota kimoja, ya jirani inapita uani na kuacha yai lake. Kifaranga kinaweza kuwa na miguu isiyowezekana kwa mama aliyekitotoa, na hakuna aliyeiba. Katika hali hiyo jeni hazijibu swali la nani mwenye kuku. Desturi na mashahidi ndio wanajibu.

Sokoni: « Hii ni kienyeji kabisa »

Katika soko ya Kadutu, Virunga ao kwingine, muuzaji anaweza kusema: « Hii ni ya kienyeji kabisa, ona miguu yake. » Mwingine anasema miguu ya njano ni alama ya kuku ya kisasa. Maneno yote mawili hayasimami. Kuku za kienyeji za Afrika ziko na miguu ya rangi zote, njano ikiwemo. Na mchanganyiko wa kwanza wa jogoo ya kisasa unaweza kutoa miguu myeupe ambayo haifanani na ya kisasa hata kidogo.

Ni vile vile kwa anayenunua vifaranga vya Kuroiler. Kuku hiyo iliundwa India katika miaka ya 1990, na ilianza kujaribiwa Uganda karibu mwaka 2010. Yenyewe ni mchanganyiko, na rangi zake hazifanani zote. Miguu haiwezi kuthibitisha ya kwamba kifaranga ni Kuroiler kweli. Zaidi ya hayo, mtu akizalisha Kuroiler kwa Kuroiler nyumbani, vifaranga vinavyotoka havitakuwa na nguvu ile ile ya mchanganyiko wa kwanza, hata kama rangi inafanana. Mnunuzi auze pesa yake kwa vitu vinavyoonekana: muuzaji anayejulikana, karatasi ya chanjo, na uzito wa kifaranga.

Vile vile miguu haisemi kama kuku itataga mayai mengi, haisemi kama nyama ni tamu, na haisemi kama itavumilia ugonjwa wa Newcastle. Dhidi ya huo, chanjo ndiyo kinga.

Kwa anayetaka kupanga rangi

Kuna wafugaji ambao wateja wao wanapenda rangi moja. Kupata njano ni rahisi: kubakiza jogoo ya njano na kuku za njano tu. Kwa kuwa njano haifichi kitu, nyeupe haitarudi tena.

Kuondoa weusi wa ndani ni kazi ya upande wa jogoo, maana ndiyo inayoweza kuuficha. Jogoo ya miguu myeupe ao njano inajaribiwa kwa kupandishwa kuku za miguu ya bulu ao kijani. Hata mtoto mmoja akikomaa na weusi wa ndani, jogoo inaficha. Watoto 10 wakikomaa wote bila weusi, nafasi ya kukosea ni 1 kati ya 1024. Kuku jike haihitaji jaribio hilo. Iko na nakala moja, na mara nyingi kinachoonekana ndicho kilichomo.

Lakini kuchagua kwa miguu peke yake kunaweza kuharibu kundi. Anayetupa jogoo nzito na yenye afya kwa sababu ya rangi ya miguu anatupa urithi mzuri pamoja na rangi. Na anayebakiza jogoo moja nzuri kwa miaka mingi, ikipanda binti zake na wajukuu zake, ataona mayai yasiyotoa vifaranga na vifaranga dhaifu. Kwanza uzito, mayai na uzima; rangi ifuate.

Alama tangu siku ya kwanza

Kwa jamaa ambazo kuku tano ndizo ada ya shule ya mtoto, ulinzi wa kweli hautoki katika jeni. Unatoka katika alama. Kifaranga kinaweza kufungwa uzi wa rangi kwenye mguu tangu siku kinapototolewa, na uzi huo ubadilishwe kila wiki, maana mguu unakua na uzi unaobana unaweza kuukata. Wengine wanatoboa tundu dogo katika ngozi iliyo kati ya vidole, kidole kimoja kwa kila jamaa, na alama hiyo inabaki mpaka kuku inakomaa. Majirani wakikubaliana mbele ya chefu nani anatumia rangi gani ao kidole gani, na jambo hilo likaandikwa katika kaye, siku ya ugomvi wazee hawatahitaji kubishana juu ya njano na bulu. Watafungua kaye na kuangalia alama.